HISTORIA FUPI YA MAREHEMU

Katika msiba wowote hapa Mwanza, uwe wa Kirumba, wa Igoma au wa ng'ambo ya maji kule Sengerema, inafika dakika ambayo watu wote hunyamaza. Wapishi huacha sufuria, wazee huvua kofia, na mtu mmoja mwenye sauti husimama mbele ya jeneza akiwa na karatasi mkononi. Anasoma historia fupi ya marehemu. Alizaliwa lini na wapi, ni mtoto wa ngapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alifunga ndoa lini, aliugua nini, alitibiwa wapi, mauti yalimkuta saa ngapi. Mwisho kabisa: ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Hapo watu hushusha pumzi na safari ya makaburini huanza.

Akina mama wenzangu mnajua kwamba karatasi nyingi za namna hiyo zimepita mikononi mwangu, kwa kuwa katibu ndiye anayeitwa pindi mwanachama anapofiwa. Kamati ya kijitabu hiki iliponiagiza niandike juu ya waliotutoka katika miaka yetu kumi, niliomba ruhusa nitoke kidogo nje ya daftari. Wale waliomo kwenye daftari tumeshawalia na tumeshawaombea, na majina yao yamechapwa ukurasa wa mwisho pamoja na picha. Mimi nataka kuandika juu ya watu ambao karatasi zao huwa fupi mno: wanaume waliopenda wanaume wenzao, wanawake waliopenda wanawake wenzao, na wale walioitwa hivi tangu kuzaliwa huku wao wakijijua kuwa ni vile. Wapo waliozikwa pande zote za ziwa hili. Mwenyekiti alicheka kidogo, akasema, "Haya katibu, lakini uandike kwa adabu." Basi nimejitahidi.

Sheria ya nchi naijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tulikirithi kwa Mwingereza, na tangu mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 hadi maisha. Sikuja hapa kubishana na mahakama. Ila mtu akishakufa kesi yake imekwisha, hata serikali inafunga jalada. Sisi majirani ndio wakati mwingine tunaliacha wazi.

Watu wa Mwanza hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa kufa bila kuwa kwenye orodha. Tarehe 21 Mei 1996 asubuhi meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika kwetu. Watu zaidi ya 800 walikufa. Meli ilijengwa kubeba abiria 430 tu, na karatasi za meli zilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, wale wa mikungu ya ndizi na watoto mgongoni, hawakuwa na orodha yoyote. Kwa hiyo hadi leo hesabu kamili haijulikani, na pale makaburi ya Igoma wamelala watu ambao hakuna aliyewahi kusimama akasoma karatasi yao. Lakini wale tunawakumbuka kila mwaka, orodha au hakuna orodha. Hakuna anayeuliza fulani aliyezama alikuwa analala na nani.

Sasa jamani, nianze na neno lenyewe. Sisi wenyewe tunaitana shoga. "Shoga yangu, leo unanunua hisa ngapi?" Neno hili lilipanda huku bara kutoka pwani, ambako mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenzake wa kuaminiana, mwenye kutunza siri. Huko huko pwani, Mombasa na Unguja, likamhusu pia mwanamume ambaye baraza lake ni kwa wanawake: anayepiga ngoma arusini, anayeingia ndani kusikoingia wanaume, anayejua kumpamba bibi arusi kuliko somo wake. Watafiti waliokaa Mombasa wameandika habari za watu hao, na wenyeji hawakuhitaji kuandikiwa, waliwajua kwa majina. Kumbe jina tunaloitana kwa upendo tukisukana nywele ndilo lile lile kijana anarushiwa kama jiwe akipita stendi. Mimi huwa nashangaa neno moja linavyoweza kubeba mizigo miwili hivyo, tena kwenye mdomo mmoja.

Wapo watakaosema mambo haya yaliletwa na Wazungu kwa meli. Nitawapeleka Bukumbi, hapo Misungwi, si mbali na mjini. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa pili wa Buganda alipinduliwa, akakimbia kwa mitumbwi kulivuka ziwa kuja kusini. Alishukia pande za Magu, kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walimkaribisha kwa mkono mmoja na kumshika kama mfungwa kwa mkono wa pili. Akatoroka, akafika misheni ya Bukumbi kwa mapadri wa Kifaransa waliokuwa na kituo hapo tangu mwaka 1883. Mapadri hao walikuwa wa shirika lile lile ambalo waumini wake Mwanga alikuwa amewachoma moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nao walimpokea. Alikaa huku kwetu usukumani hadi alipopata watu na mitumbwi ya kwenda kukitafuta tena kiti chake, akakipata mwaka 1889.

Mashahidi wa Uganda tunawajua, kila mwezi Juni basi zinajaa mahujaji wanaotoka Mwanza kwenda Namugongo. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kile ambacho wamisionari wenyewe waliandika: kwamba sehemu ya hasira ya Kabaka ilitokana na vijana wa ikulu waliobatizwa kumkatalia mambo ambayo zamani hawakumkatalia. Wanahistoria wanabishana juu ya uzito wa jambo hilo. Wengine husema hofu ya Wazungu waliokuwa wakiikaribia nchi yake ndiyo iliyomfanya aue. Mimi naona yote mawili yanaweza kukaa kwenye kichwa kimoja cha kijana aliyepewa ufalme akiwa na miaka kumi na sita hivi. Wala simtetei. Aliua watoto wa watu, na aliyeua atajibu. Lakini hata hao wanaomlaani wanakiri bila kujua kwamba kabla ya mahakama ya Kiingereza na kabla ya sinema, pembeni mwa ziwa hili alikuwepo mfalme mwenye wake wengi ambaye alipenda pia vijana wa kiume.

Jaribu kuandika historia fupi ya marehemu huyo. Alipinduliwa tena mwaka 1897, akakimbilia upande wa Wajerumani, akakamatwa, akatoroka, akapigana bega kwa bega na Omukama Kabalega wa Bunyoro aliyekuwa adui wa jadi, wakakamatwa pamoja mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko akabatizwa, akaitwa Danieli. Alifariki mwaka 1903, mbali na maji ya Nyanza, kabla hajafika miaka arobaini. Mwaka 1910 Waganda waliirudisha mifupa yake na kuizika Kasubi alikozikwa baba yake Mutesa. Mtu aliyefanya mabaya kiasi kile, na bado kwao wakaona hafai kuachwa kulala ugenini.

Upande wa pili wa ziwa letu, mkoani Mara, Wakurya wana desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa ukoo wa yule mama aliyetoa mahari. Huwa tunasikia watu wa mjini wakiicheka, na wengine wakiitia chumvi kana kwamba ni habari ya kitandani. Wenyewe wanakataa: wanasema ni habari ya urithi, boma na jina. Nami nawaamini, sina haki ya kumvisha bibi wa Tarime nguo asiyoitaka. Naitaja kwa jambo moja tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na bado kule Mara kuna watoto wazima, wenye vitambulisho na watoto wao, ambao ukiwauliza baba wa nyumba yao alikuwa nani wanakutajia mwanamke. Wazee wetu walijua kutengeneza nafasi pale ambapo kitabu hakikuweka nafasi.

Ulipokuja Ukimwi, karatasi za msiba zilijifunza kusema uongo. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa na wagonjwa. Kagera uliitwa Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Miaka hiyo ilikuwa "marehemu aliugua kwa muda mrefu", "marehemu alisumbuliwa na kifua", "marehemu alirogwa na wenye wivu wa duka". Nyumba nzima zilifungwa, bibi akabaki na wajukuu na migomba. Ndipo akina mama wengi wa kanda hii walipoanza kuchangiana sanda, na mimi naamini kabisa kwamba vikundi kama hiki chetu, ukifukua mzizi wake, utaukuta pale: kwenye mchango wa sanda, kabla ya mkopo wa biashara.

Mwanza tulitoa somo kwa dunia nzima. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika hapa mkoani utafiti katika jamii 12 za vijijini, ambapo zahanati za kawaida ziliimarishwa ili kutibu vizuri magonjwa ya zinaa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizo mapya ya virusi yamepungua kwa takribani asilimia 40 kule kulikotolewa tiba. Kila daktari wa magonjwa hayo duniani anaujua mji wetu kwa sababu hiyo. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na watu ambao tulikuwa tumeshawaandalia jeneza waliinuka wakarudi sokoni kuuza dagaa.

Lakini katika yote hayo, mabango na nyimbo na semina, mgonjwa alikuwa ni baba aliyetembea nje, au dereva wa lori, au mhudumu wa baa. Mwanamume aliyeambukizwa na mwanamume mwenzake hakuwepo kwenye bango lolote. Alikufa chini ya pazia mbili, ya ugonjwa na ya mapenzi yake. Mwaka 2007 ndipo ulipofanyika utafiti Unguja kwa wanaume wapatao 500 wa namna hiyo, ukakuta asilimia 12 wana virusi, wakati kwa wakazi wa Unguja kwa jumla haikufika hata asilimia moja. Yaani miaka ishirini na minne tangu wale watatu wa Kagera! Waliokufa katikati hapo hakuna aliyewahesabu. Daraja la tatu.

Sasa nifike kwenye msiba ambao nimeusoma na kuusikia mara nyingi kuliko yote, na ambao ndio hasa ulionisukuma kuandika. Haukutokea kwetu, ulitokea upande wa kaskazini wa ziwa, Mukono.

David Kato alikuwa mwalimu. Alizaliwa kijiji cha Nakawala, akafundisha chuo cha ufundi Njeru, pale Mto Nile unapotokea ziwani, baadaye akafundisha shule ya msingi ya wavulana upande wa Masaka. Aliwahi kuishi Afrika Kusini. Aliporudi Uganda mwaka 1998 alijitokeza mbele ya waandishi wa habari akasema mimi ni hivi nilivyo. Akawa mtetezi wa wenzake: akiitwa polisi usiku anakwenda, kijana akifukuzwa nyumbani anamtafutia pa kulala. Mwezi Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapa picha za watu liliosema ni mashoga, yeye akiwa ukurasa wa mbele, na maneno ya kutaka wanyongwe. Kato na wenzake wawili, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema, hawakukimbia, walikwenda mahakamani. Tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu iliwapa ushindi: gazeti likazuiwa, nao wakapewa fidia ya shilingi milioni moja na nusu za Uganda kila mmoja. Siku ishirini na tatu baadaye, tarehe 26 Januari, alipigwa nyundo kichwani nyumbani kwake akafa akiwa njiani kupelekwa hospitali. Polisi walisema ni wizi, rafiki zake wakasema ni chuki. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwezi Novemba mwaka huo.

Mazishi yalikuwa Nakawala tarehe 28. Mama yake yupo, ndugu wapo, majirani wapo, na rafiki zake walikuja kutoka Kampala wamevaa fulana zenye picha yake. Ikafika ile dakika niliyoieleza mwanzo, ya watu kunyamaza. Mchungaji aliyepewa kipaza sauti hakumzungumzia marehemu. Alianza kuwahubiria waombolezaji habari za Sodoma na Gomora, akiwataka watubu kabla hawajaangamia. Mbele ya jeneza! Mbele ya mama! Rafiki zake walipandwa na hasira, wakamnyang'anya kipaza sauti, vurugu ikazuka hadi polisi wakaingilia. Mchungaji akaondoka, na wanakijiji wakakataa kulibeba jeneza kwenda kaburini.

Hebu mwenzangu fikiria hapo. Sisi tunajua kukataa kuzika ni nini. Kwetu mtu ambaye haji misibani ndiye anayetishiwa kwamba siku yake atajizika mwenyewe, na ni tisho la mdomo tu, maana siku ikifika watu wanakwenda. Pale Nakawala walikataa kwelikweli. Basi wale vijana wenye fulana walilishika jeneza wenyewe wakalipeleka. Kaburini alikuwepo mzee mmoja, Christopher Senyonjo, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Buganda Magharibi hadi alipostaafu mwaka 1998. Kanisa lake lilikwisha mtenga kwa sababu alikubali kuwasikiliza watu hawa badala ya kuwafukuza ofisini. Huyo ndiye aliyewaombea na kumzika mwalimu. Alikuwa mzee wa karibu miaka themanini, angeweza kabisa kukaa nyumbani akasingizia miguu.

Huku kwetu, mwishoni mwa Julai 2012, Maurice Mjomba aliyekuwa akitetea haki za watu hao aliuawa, mwili wake ukakutwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Magazeti yetu hayakumlilia sana. Kisha ikaja miaka ya vishindo. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa kwa ajili ya kinga, mwezi Februari 2017 ikasimamisha huduma za Ukimwi kwa makundi hayo katika vituo 40, na mwezi Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akatangaza kikosi cha kuwasaka na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Tarehe 4 Novemba serikali ilisema hayo ni maoni yake binafsi. Lakini hofu haina mpaka wa mkoa. Mtu anayeogopa kuonekana kliniki haendi kliniki, na asiyekwenda kliniki dawa zinakatika, na dawa zikikatika kinachofuata akina mama wote wa kanda hii wanakifahamu, hawahitaji semina.

Nisimulie la kikundi chetu, kwa ruhusa ya aliyefiwa, ambaye ni mwanachama mwenzetu. Mwaka wa nne tangu tuanze, mwanawe wa kiume alifariki. Alikuwa fundi cherehani, sare za kwaya mbili za mtaani kwetu alizishona yeye, na mtaa ulikuwa na jina lake la pembeni. Kikao cha dharura kikaitwa kufungua sanduku. Kufuli mbili zikafunguliwa. Mwenye ufunguo wa tatu akaukalia.

"Mimi sikatai kutoa," alisema, "ila tuulizane kwanza, rambirambi hii ni ya mtoto wa namna gani?"

Mwingine akaingia: "Watu watasema kikundi kinaunga mkono."

Zikapita dakika ndefu, kelele, mtu anasimama anakaa. Mweka hazina akafungua katiba akasoma kifungu kama kilivyo: mwanachama akifiwa na mume, mtoto au mzazi, atapewa. "Hapa pameandikwa mtoto. Hapajaandikwa mtoto aliyeoa." Bado watu wananung'unika. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote, anayeuza dagaa Mwaloni tangu sangara hawajawa biashara ya ndege, akasema bila kusimama:

"Mimi sikuchanga kwa ajili ya yule kijana. Nilichanga kwa ajili ya mama yake. Aliyefiwa ni nani?"

Ufunguo ukatoka. Tulikwenda, tukapika, tukalala matanga. Kiongozi wa dini aliyetegemewa alituma salamu kwamba amepata safari, kwa hiyo mzee wa ukoo aliongoza sala, na aliongoza vizuri. Nilipokaa na mama kuandika karatasi, tulipofika kwenye mstari wa "ameacha", nikaandika mama na dada wawili. Akaniambia ongeza: na mwenzake aliyeishi naye miaka tisa. Nikamuuliza, "Mama, niandike mwenzake au niandike rafiki?" Akanitazama, akasema andika mwenzake. Nikasoma hivyo hivyo. Kijana mmoja mrefu aliyesimama nyuma kabisa, karibu na mti, alikaa chini. Dada wa marehemu akaenda kumshika mkono akamleta mbele kwenye jamvi la wafiwa, na hakuna aliyesogea kumpisha wala aliyemzuia.

Mwanachama aliyeukalia ufunguo bado yuko nasi na ni mchapakazi. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyependekeza kifungu kile kiongezwe maneno "bila kuuliza habari za maisha ya marehemu". Hakueleza sababu na sisi hatukumwuliza. Kilipita kwa kunyoosha mikono.

Sijawataja wote hata kwa hao wanaojulikana. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Nakuru, mtoto wa mama Mganda, aliyejitangaza mwezi Januari 2014 na kufariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, siku ile ile ambayo sisi huwa tupo Igoma. Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi mwenye miaka 25, aliyekutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara karibu na Eldoret mwanzoni mwa Januari 2023. Aliyemuua alikuwa akiishi naye, akahukumiwa miaka 50 mwezi Desemba 2024. Wakati watu wengi mitandaoni walikuwa wakisema afadhali, kwao Sergoit walimzika mchana, mbele ya watu.

Hao ninawataja kwa kuwa wao au ndugu zao walikwisha kukubali kutajwa hadharani. Wa kwetu siwataji. Mama zao wako hai, baadhi wanauza pembeni ya meza yangu, na mtaa una masikio. Ninao wanne kichwani: fundi niliyemsimulia, mvuvi wa kisiwa cha Kome, dada mmoja aliyekuwa mlinda mlango hodari wa timu ya wanawake, na mmoja aliyetaka aitwe kwa jina la kike akazikwa kwa jina la kiume.

Kamati imekubali kuacha nusu ya ukurasa huu wazi, ingawa mchapaji alilalamika kwamba ni kupoteza karatasi. Mwenye wake amwandike hapo chini kwa kalamu, jina, mwaka na kazi aliyokuwa akifanya. Kijitabu ni chako, unakwenda nacho nyumbani.